Dalili za antena ya televisheni: nini kimeharibika, na ni lini antena nyingine inahitajika kweli

Picha ya televisheni inapoganda au kukatika vipande vipande, wengi hukimbilia kununua antena nyingine, na kwa kuwa hiyo nyingine huchaguliwa kwa ukubwa wake au kwa maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, tatizo huhamia kwenye antena mpya likiwa vilevile. Mwongozo huu unafuata njia tofauti: unaanza na kinachoonekana kwenye skrini, unatafuta chanzo chake, na baada ya hapo ndipo unapojibu swali la antena ipi inafaa. Unahusu matangazo ya kidijitali yanayorushwa kutoka minara ya ardhini. Dishi la setilaiti hufanya kazi katika masafa ya juu zaidi na kwa vifaa vingine kabisa. Haliwezi kushika nafasi ya antena, wala antena haiwezi kushika nafasi yake.

Kwanza, soma vipimo viwili

Karibu kila king'amuzi, kiwe cha pembeni au kilichomo ndani ya televisheni yenyewe, kina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Ni vipimo viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowapotezea watu fedha nyingi. Nguvu ni kiasi cha mawimbi kinachofika kwenye tundu la antena, pamoja na takataka zote zilizoambatana nayo. Ubora ni kiasi ambacho king'amuzi kinaweza kuelewa kilichobebwa na mawimbi hayo bila makosa. Asilimia zinazoonyeshwa hazina kipimo cha pamoja kati ya watengenezaji, kwa hiyo 60 ya kifaa kimoja inaweza kuwa sawa na 85 ya kingine. Linganisha kipimo cha kabla na cha baada kwenye kifaa kilekile tu.

Nguvu na ubora vikiwa vidogo vyote viwili, mawimbi hayafiki, na mtuhumiwa ni antena, mwelekeo wake au kebo. Nguvu ikiwa kubwa huku ubora ukiwa mdogo, mawimbi yanafika lakini yamechafuka njiani, na hapo kuongeza nguvu hakusaidii; mara nyingi kunazidisha ubaya. Nguvu ikiwa ndogo lakini ubora uko juu na hautikisiki, usiguse kitu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba matangazo ya kidijitali hayaharibiki polepole. Picha ya analogi ilianza kwa chenga, ikafifia, na mtazamaji akajua mapema kwamba antena imelegea. King'amuzi cha kidijitali husahihisha makosa kimyakimya mpaka makosa yazidi uwezo wake, kisha picha huganda na kupotea, na kati ya picha safi na skrini nyeusi tofauti inaweza kuwa desibeli (kizio cha kulinganisha nguvu za mawimbi) moja au mbili tu. Ndiyo maana picha safi ya leo haithibitishi kwamba antena inatosha. Kinachothibitisha ni ubora unaobaki juu asubuhi, usiku, wakati wa upepo na wakati wa mvua.

Hakuna chaneli hata moja inayopatikana

Kabla ya kupanda juu ya paa, malizia yaliyo chini. Hakikisha kebo imeingia kwenye tundu la antena, siyo tundu la setilaiti wala tundu la kutolea mawimbi kwenda kifaa kingine, kwa sababu ving'amuzi vingi vina matundu mawili yanayofanana. Kisha hakikisha king'amuzi kinaelewa mfumo wa eneo lako. Ulaya na Afrika kwa sehemu kubwa hutumia DVB-T au DVB-T2, Amerika ya Kaskazini hutumia ATSC, na Japani pamoja na nchi nyingi za Amerika ya Kusini hutumia ISDB-T au aina iliyotokana nayo. Televisheni iliyonunuliwa katika eneo moja na kupelekwa eneo jingine inaweza isione chochote hata chini ya mnara wenyewe. Vivyo hivyo, televisheni ya zamani inayosoma DVB-T peke yake haitapata chaneli za DVB-T2, mfumo ambao viwango vyake vilitoka mwaka 2009, na hakuna antena itakayoibadilisha.

Antena nyingi za kisasa, hasa za ndani, zina busta, yaani kikuza mawimbi, iliyofichwa ndani ya kiboksi chake. Busta isiyopata umeme haiyapitishi mawimbi yakiwa kama yalivyokuja. Huyazuia karibu yote. Umeme wake hupanda kupitia kebo ileile ya antena, ama kutoka kwenye adapta ndogo, ama kutoka kwenye king'amuzi chenyewe, ambacho kwa kawaida hutoa volti 5 iwapo chaguo hilo limewashwa kwenye menyu. Baada ya kurejesha mipangilio ya kiwandani, chaguo hilo huzimika lenyewe kwenye vifaa vingi, na mtu hubaki akiilaumu antena iliyokuwa ikifanya kazi jana.

Kinachofuata ni konekta, na hapa inafaa kutazama kwa karibu sana. Fungua konekta ya F, ile ya kuzungusha iliyo mwishoni mwa kebo. Katikati pawe na waya mmoja wa shaba, ulionyooka, unaotokeza milimita mbili au tatu kupita ukingo wa konekta. Unaozunguka waya huo ni plastiki nyeupe iliyokatwa sawasawa. Na nyuzi laini za kinga ziwe zimerudishwa nyuma, juu ya ganda la nje la kebo. Unyuzi mmoja tu wa kinga, mwembamba kuliko unywele, ukigusa waya wa katikati, mawimbi yote huishia hapo. Kosa hili halionekani kwa mtu aliyesimama hatua mbili. Linaonekana kwa kusogeza konekta karibu na mwanga na kuigeuza taratibu. Waya wa katikati uliokatwa mfupi mno nao huleta ugonjwa wake: hugusa leo, kesho haugusi, na chaneli huja na kwenda kwa namna isiyoeleweka.

Ikiwa yote haya ni sawa na utafutaji bado unarudi mtupu, hamia kwenye mwelekeo wa antena, unaoelezwa mbele. Usirudie utafutaji wa jumla mara nyingi wakati antena imechomolewa au imegeuzwa ovyo, kwa kuwa ving'amuzi vingi hufuta orodha ya zamani kwanza kisha ndipo vinapoanza kutafuta.

Baadhi ya chaneli zipo, nyingine hazipo

Dalili hii ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote, na ndiyo inayohusu uchaguzi wa antena moja kwa moja. Katika matangazo ya kidijitali chaneli kadhaa husafiri pamoja kama fungu moja kwenye masafa mamoja. Kwa hiyo chaneli hazikosekani moja moja. Hukosekana kwa mafungu. Andika zile zisizopatikana, kisha tazama kwenye menyu au kwenye orodha ya mtoa huduma zimo katika masafa gani. Namba ya chaneli unayobonyeza kwenye rimoti haisemi chochote kuhusu masafa. Ni jina tu alilopewa mtazamaji.

Masafa ya televisheni yamegawanyika katika kanda mbili zinazotumika zaidi. Ya chini ni VHF ya juu, kuanzia megahezi 174 hadi 230 katika nchi nyingi za Ulaya na Afrika. Ya pili ni UHF, inayoanza megahezi 470 na kuishia 694 katika nchi nyingi za maeneo hayo, na 608 nchini Marekani. Antena hufanya kazi vizuri pale urefu wa vijiti vyake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 300 kwa megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 200 wimbi ni mita 1.5, na nusu yake ni sentimita 75. Kwa megahezi 600 wimbi ni sentimita 50, na nusu yake ni sentimita 25.

Hii inakupa kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote zaidi ya futi ya fundi. Pima kijiti kirefu kuliko vyote kwenye antena yako, kutoka ncha hadi ncha. Kama hakifiki hata sentimita 40, hiyo ni antena ya UHF peke yake, hata kama boksi limeandikwa VHF na UHF, na fungu lolote lililo kwenye VHF litapatikana kwa bahati au lisipatikane kabisa. Antena bapa za kubandika ukutani zina udhaifu huohuo, kwa sababu karatasi yenye upana wa sentimita 30 haina nafasi ya kipokezi cha sentimita 75. Kwa upande mwingine, kama mafungu yote ya eneo lako yako UHF, antena yenye vijiti virefu vya VHF inakubebesha uzito na upepo bure.

Kuna antena za UHF za zamani zilizotengenezwa hadi megahezi 862, na nyingine zilizotengenezwa kwa sehemu moja tu ya UHF, ya chini au ya juu. Antena ya Yagi hasa, ile inayofanana na mfupa wa samaki, hupokea vizuri zaidi karibu na masafa iliyokusudiwa, na kadiri inavyokuwa na vijiti vingi ndivyo inavyokuwa na ubaguzi. Antena iliyoundwa kwa sehemu ya juu ya UHF inaweza kuwa dhaifu kwenye megahezi 480, palipo na fungu unalolikosa, ingawa inang'ara kwenye megahezi 680.

Ikiwa yanayokosekana ni mafungu yaliyo juu zaidi katika UHF, shuku kebo kabla ya antena. Kebo hupoteza mawimbi zaidi kadiri masafa yanavyopanda, na kebo nyembamba ya zamani, au iliyoingiwa na maji, hula masafa ya juu kwanza.

Chanzo kingine ni mkao wa mawimbi. Minara hurusha mawimbi ya mlalo au ya wima, na antena yenye vijiti vilivyolala haipokei vizuri mawimbi ya wima. Upotevu unaweza kufika desibeli 20, yaani kubaki sehemu moja tu katika mia. Tazama antena za majirani zinazofanya kazi. Kama vijiti vyao vimesimama na vyako vimelala, zungusha antena nyuzi 90 kwenye kishikio chake na upime tena. Antena hizohizo za majirani zitakuambia pia kama mafungu yanatoka minara miwili tofauti, kwa sababu utaziona zimeelekea pande mbili. Katika hali hiyo hutapata tiba kwa antena yenye nguvu zaidi, kwani antena yenye nguvu ina macho membamba. Utaipata kwa antena yenye upana zaidi iliyoelekezwa katikati, kama minara iko karibu na haijaachana sana, au kwa antena mbili.

Nguvu iko juu, ubora uko chini

Hapa ndipo busta zinaponunuliwa kwa makosa. Mawimbi hayajapungua, yamechafuka.

Uchafu wa kwanza ni mwakisiko. Mawimbi hugonga majengo, vilima, paa za bati na matangi, kisha hufika kwenye antena yakiwa yamechelewa kidogo baada ya yale yaliyonyooka, na yakikutana nayo huweza kuyafuta. Mifumo ya DVB-T na DVB-T2 imeundwa kuvumilia mwakisiko kwa kiasi kikubwa, lakini uvumilivu huo una mpaka. Ndani ya chumba hali ni mbaya zaidi: kwa megahezi 600 mahali pabaya na mahali pazuri vinaweza kutenganishwa na sentimita 12 au 13 tu, kwa hiyo kuisogeza antena ya ndani upana wa kiganja kunaweza kufanya kile ambacho busta haitafanya. Isogeze kidogo kidogo, juu, chini na pembeni, na iweke mbali na chuma, friji, na nyuma ya televisheni yenyewe. Kama ukuta una nondo nyingi, au paa lina karatasi ya alumini ya kuzuia joto, usitumie muda mwingi humo. Peleka antena dirishani, au bora zaidi, nje.

Nje, mwakisiko hutibiwa kwa antena yenye upokeaji mwembamba, inayosikia mbele na kupuuza pembeni na nyuma. Yagi ndefu hufaa kwa sababu hii hata mahali ambapo mawimbi ni mengi.

Uchafu wa pili ni kuzidiwa. Mtu anayeishi karibu na mnara akifunga antena kubwa yenye busta, kipokezi hufurika, mawimbi ya masafa mbalimbali huchanganyika ndani ya busta, na kinachotoka hakieleweki tena. Jaribio lake ni rahisi: ondoa busta kabisa katika njia ya kebo, usiizime tu, kisha pima ubora. Ukipanda, umepata jibu. Kama busta imejengwa ndani ya antena, geuza antena kidogo kutoka kwenye mnara, au tumia antena isiyo na busta.

Uchafu wa tatu hutoka kwenye minara ya simu. Masafa ya juu ya megahezi 694 yaliyokuwa ya televisheni yamegawiwa mawasiliano ya simu katika nchi nyingi, na antena au busta za zamani bado zinayapokea na kuyakuza kwa bidii. Ikiwa tatizo lilianza ghafla, wewe hukubadilisha chochote, na kuna mnara mpya wa simu upande uleule antena inakoelekea, kinachohitajika ni kichujio cha 4G au 5G kinachokata masafa ya juu ya mpaka wa televisheni katika nchi yako. Kichujio hufungwa kabla ya busta, siyo baada yake, kwa kuwa busta ikishazidiwa hakuna cha kuchuja tena.

Kuna pia kelele za nyumbani: taa za LED za hali ya chini, chaja, mota za mashine, na kebo za HDMI zisizo na kinga nzuri zilizolazwa sambamba na kebo ya antena. Zima vifaa kimoja baada ya kingine huku ukitazama kipimo cha ubora. Kelele za aina hii husumbua VHF zaidi ya UHF, jambo linalofanya fungu la VHF kuwa la kwanza kukatika wakati mtu anapowasha mashine.

Picha hukatika kwa vipindi

Uliza inakatika lini, kwa sababu saa na hali ya hewa ni ushahidi.

Ikikatika upepo unapovuma, kuna kitu kinachotikisika: mlingoti, konekta, au matawi ya mti yaliyo mbele ya antena. Miti yenye majani huzuia UHF vya kutosha, na majani yanayocheza huzuia kwa kiasi kinachobadilika kila sekunde. Antena yenye nguvu zaidi husaidia kidogo tu hapa. Kuihamisha antena ili mti usiwe kati yake na mnara husaidia zaidi.

Ikikatika mvua inaponyesha, usilaumu mvua kama unavyoweza kuilaumu kwa dishi. Katika masafa ya televisheni ya ardhini, matone ya mvua yenyewe hayapunguzi mawimbi kwa kiasi cha kuonekana. Maji yameingia mahali. Fungua kiboksi kilicho kwenye antena ambamo kebo inaungwa: shaba yenye ukungu wa kijani na nyuzi za kinga zilizogeuka nyeusi ni dalili tosha. Kebo iliyokwisha kunywa maji haikauki. Kata sehemu iliyoharibika mpaka ufike kwenye nyuzi zinazong'aa, au badilisha kebo yote. Unapoifunga upya, iache kebo ining'inie na kupinda chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kiboksi au ukutani, ili maji yadondoke kwenye mpindo huo badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Ikikatika katika siku tulivu za joto, hasa jioni na alfajiri, huku hali ya hewa ikiwa haina upepo, inawezekana mawimbi ya minara ya mbali sana yanasafiri mbali kuliko kawaida kwa sababu ya hewa ya joto iliyokaa juu ya hewa ya baridi, na kuingiliana na ya kwako. Hali hii hupita yenyewe. Usitafute chaneli upya wakati inaendelea, usije ukahifadhi orodha ya mnara usio wako.

Televisheni ya kwanza inaonyesha, ya pili haionyeshi

Antena haina hatia hapa. Hesabu ndiyo yenye hatia. Splita ya njia mbili hugawa mawimbi na kupoteza karibu desibeli 3.5 kwa kila tawi. Kebo nzuri ya RG-6 hupoteza takriban desibeli 5 hadi 6 kwa kila mita 30 katika UHF, na RG-59, iliyo nyembamba, hupoteza zaidi. Televisheni iliyo mwisho wa kebo ya mita 30 baada ya splita hupata desibeli 9 pungufu, yaani sehemu moja ya nane ya kile kilichoondoka kwenye antena. Kama televisheni ya kwanza ilikuwa inaishi ukingoni, ya pili haina chochote cha kula. Anza kwa kuondoa splita yenye matundu mengi yasiyotumika, kwani ya njia nne hupunguza mara mbili ya ile ya njia mbili kwa hesabu ya desibeli. Iwapo antena ina busta, hakikisha splita iliyo kati yake na adapta inapitisha umeme kwenye tawi husika.

Ikiwa kosa ni la antena kweli

Ukishaondoa yote yaliyotangulia, au kama unaanza upya, chagua kwa mpangilio huu: masafa kwanza, kisha umbali na vizuizi, kisha upana wa upokeaji, na bei mwishoni.

Umbali haupimwi kwa maneno ya boksi. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na upeo wake hukadiriwa kwa kuzidisha kipeuo cha pili cha urefu (namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hutoa urefu huo), kwa mita, na 4.12, ili kupata kilomita. Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi ina upeo wa kilomita 13. Mnara wa mita 150 una upeo wa kilomita 50. Ukijumlisha, viwili hivyo vinaonana hadi kilomita 63 hivi kwenye ardhi tambarare. Mnara ulio juu ya mlima huonekana mbali zaidi, na kilima kidogo katikati hufuta hesabu yote. Antena ya karatasi inayoahidi kilomita mia kadhaa inaahidi kile ambacho umbo la dunia haliruhusu, na mimi huichukulia ahadi hiyo kama sababu ya kutoinunua. Vivyo hivyo, neno "dijitali" kwenye boksi halina maana: antena haijui kama mawimbi yamebeba picha ya analogi au ya kidijitali, na antena ya miaka mingi iliyopita yenye masafa sahihi na shaba isiyooza bado inafaa.

Kwa mtu anayeuona mnara au aliye kilomita chache kutoka kwake, antena ya ndani karibu na dirisha inatosha, na ni afadhali isiyo na busta. Kwa umbali wa kati, chaguo langu la kwanza ni antena ya logi periodiki, ile ambayo vijiti vyake hupungua urefu taratibu kuelekea mbele. Nguvu yake si kubwa, kwa kawaida desibeli 7 hadi 10, lakini hupokea kanda yote kwa usawa. Kwa mbali, au palipo na mwakisiko mwingi, chagua Yagi ndefu, inayofanana na mfupa wa samaki, yenye asili katika kazi ya Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda nchini Japani katika miaka ya 1920. Ikumbukwe kwamba kurefusha Yagi mara mbili huongeza desibeli 2 au 3 tu, ilhali kuipandisha antena juu ya paa la jirani kunaweza kuongeza zaidi ya hapo bila gharama ya antena nyingine. Unapolinganisha takwimu, tazama herufi zilizo baada ya dB, kifupi cha desibeli: antena ya 12 dBi na ile ya 10 dBd ni karibu kitu kimoja, kwani vipimo hivyo viwili vimetofautiana kwa 2.15.

Busta huja mwisho, na ina kazi moja ya halali: kufidia upotevu wa kebo na splita. Haiwezi kurudisha mawimbi ambayo antena haikuyapata. Kwa hiyo hukaa juu, karibu kabisa na antena, kabla kebo haijaanza kupoteza. Busta iliyowekwa nyuma ya televisheni hukuza mawimbi yaliyokwisha dhoofika pamoja na kelele zilizokwisha jichanganya nayo, na nguvu hupanda kwenye skrini huku ubora ukibaki palepale. Unapoichagua, tafuta yenye kelele ndogo, desibeli 2 au pungufu, badala ya yenye ukuzaji mkubwa.

Kufunga na kuelekeza

Usisimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka unaweza kugusa waya za umeme, na usifanye kazi ya paa wakati wa ngurumo. Mlingoti wa chuma uunganishwe ardhini kwa waya mnene. Huo hautaizuia radi ikipiga moja kwa moja, lakini huondoa chaji zinazojikusanya. Radi ikikaribia, chomoa kebo ya antena mapema.

Elekeza antena kwa ukurasa wa vipimo, na mtu mmoja akisoma. Chagua fungu lililo dhaifu kuliko yote, siyo lile linaloonekana vizuri, kwa kuwa lililo imara litaonekana hata antena ikiwa imepotoka. Geuza nyuzi chache, kisha subiri sekunde kadhaa, kwani kipimo cha king'amuzi huchelewa kufuata mkono na anayegeuza haraka hupita mahali pazuri bila kujua. Tafuta pande zote mbili ambapo ubora unaanza kushuka, kisha urudi katikati ya pande hizo. Kaza nati, pima tena baada ya kukaza, na ndipo utafute chaneli zote upya.

Vipimo ni vizuri, skrini ni tupu

Nguvu na ubora vikiwa juu na chaneli haionekani, soma ujumbe ulioandikwa kwenye skrini. Ukisema chaneli imefungwa au inahitaji kadi, chaneli hiyo ni ya kulipia na mawimbi yake yanafika bila kasoro. Ikiwa kuna sauti bila picha, huenda king'amuzi hakiwezi kusoma aina ya picha inayorushwa, na kusasisha programu yake kunaweza kusaidia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya. Na kama fungu zima limepotea kwako na kwa majirani kwa wakati mmoja, huenda mtangazaji amehama masafa au mnara uko kwenye matengenezo. Subiri kidogo, tafuta chaneli upya mara moja, na uiache antena kama ilivyo.